Bi Mkubwa Anatafuna Changarawe

Jumatatu, 4 Machi

Namshukuru Mungu kwa wiki mpya. Asubuhi meneja ametukusanya uani, katikati ya milima ya maboksi machakavu, akatangaza kwamba Ijumaa mwenye kiwanda anakuja, na hataondoka bila kumtaja msimamizi wa mitambo. Msimamizi! Mwenye ofisi. Mwenye funguo. Mwenye kiti kinachozunguka.

Wanaofaa ni wawili tu. Mimi, niliyeendesha mashine ya kubana makaratasi miaka kumi na minne. Na fundi umeme, ambaye ni shemeji yangu, mdogo wake mke wangu, na kazi hapa nilimwombea mimi kwa mdomo wangu huu huu. Siku ya harusi yetu alikuwa bado anakojoa kitandani. Siandiki kwa ubaya. Naandika ili ukweli uwe na pa kukaa.

Mashine yangu naiita Bi Mkubwa. Unamlisha maboksi, anayashindilia, anatema robota la mraba, pembe nne kamili. Nguvu zake zote ni mafuta: pampu inayavuta kutoka kwenye tangi, inayasukuma kwa presha, chuma kinashuka. Pampu hiyo ina mlio mmoja tu, mmmm, mzito, mtulivu. Mimi naimba besi kanisani, na sauti yangu ya Jumapili naichukulia hapo. Mke wangu akiniaga asubuhi husema nimsalimie mwenzake.

Basi, mpango. Msimamizi mwema huonekana kwa usafi. Ndani ya tangi, kwenye mdomo wa bomba linalovuta mafuta, kuna chujio la waya. Leo nimelichungulia. Matundu makubwa! Uchafu unaweza kupita pale huku unapunga mkono. Jioni, watu walipoondoka, nimezima mashine, nimefungua tangi, nimelivika chujio fulana yangu ya kwaya, ile nzito iliyoandikwa BESI mgongoni. Nimeikunja mara mbili. Nimeikaza kwa waya. Hakuna mashine duniani itakayokunywa mafuta masafi namna hii. Sijamwambia mtu. Ijumaa Bi Mkubwa atanisemea mwenyewe.

Nyumbani nimemwarifu mke wangu kwamba cheo ni changu. Akauliza kama meneja amesema hivyo. Nikamwambia hajasema, ila amenitazama. Akauliza amenitazama vipi. Wanawake wanapenda vitu viandikwe.

Jumanne, 5 Machi

Bi Mkubwa anaumwa!

Nimemwasha saa moja asubuhi. Badala ya mmmm, nikasikia kama mtu anamwaga changarawe kwenye debe. Krrrrr! Mshale wa geji ya presha unaruka kama panzi. Chuma kinashuka, kinasita, kinashtuka, kinashuka tena. Robota la kwanza limetoka limepinda kama mto wa kulalia. Wiki zote za mwaka, iwe hii!

Nimekaa nikawaza. Changarawe ndani ya pampu. Imeingiaje? Nani anafaidika? Sipendi kumdhania mtu vibaya, hasa mtu wa nyumbani, lakini saa moja na dakika kumi shemeji amepita mikono ikiwa mifukoni. Mfuko una nafasi.

Meneja amempigia simu mtaalamu wa pampu, mama mmoja anayesifika kwa kutibu mitambo ya watu. Amemsikilizisha mlio kwenye simu. Mama akacheka, akasema hiyo pampu ina njaa, mwulize fundi wako kama anailisha.

Nimeona aibu hadi visigino. Miaka kumi na minne, leo niambiwe silishi! Basi nimelisha. Mafuta ya tangi yalikuwa yamefika kwenye alama. Nimeongeza mafuta hadi shingoni. Bado krrrrr. Nimeongeza hadi yakamwagika. Bado. Meneja akaja kuona, akateleza, akakaa chini bila kukaribishwa. Ameniagiza nipanguse sakafu. Nimepangusa. Akauliza, na suruali yake je? Nikamkabidhi tambara.

Lakini mchana, muujiza. Sikula chakula changu, nikapiga magoti mbele ya Bi Mkubwa (si kumwabudu, Mungu ananielewa, ni kumwombea). Kufika saa nane changarawe ilikuwa imepungua nusu! Nimewatangazia wote. Shemeji akasema eti ni kwa sababu mafuta yameshapata moto, yamekuwa mepesi, yanapita kirahisi. Huyu bwana hata mvua atakwambia ni maji tu.

Jioni mke wangu ameniuliza fulana ya kwaya iko wapi, Jumapili inavaliwa. Nimemjibu iko kazini. Akauliza inafanya nini kazini. Nikasema inafanya kazi. Sijadanganya hata neno moja.

Jumatano, 6 Machi

Asubuhi changarawe imerudi na jamaa zake.

Nimeutafakari ule usemi wa mtaalamu njia nzima. Mwenye njaa humpi kitu chepesi. Kule stoo kuna pipa la mafuta ya giaboksi, mazito kama asali. Nimetoa nusu ya mafuta ya zamani, nimemimina ya giaboksi. Nilijiambia, akishiba leo, Ijumaa atanguruma kama simba.

Amenguruma leo leo. Si mlio wa simba. Ni wa paka aliyekanyagwa mkia ndani ya pipa. Mlinzi wa getini amekuja mbio na rungu. Mshale wa geji umekwenda mwisho, umerudi sifuri, umekwenda mwisho. Sakafu inatetemeka. Meneja anasema kikombe chake kimetembea chenyewe kutoka katikati ya meza hadi ukingoni, na yeye akikitazama tu asiamini, hadi kikaanguka.

Shemeji amezima swichi kuu. Kwa sauti ya upole, ile inayonikera, akaniambia: shemeji, hebu tufungue tangi, tuangalie huko inakovutia.

Ahaa! Nimemsoma. Anataka kuona fulana, aelewe siri yangu ya usafi, kisha Ijumaa aiseme kama yake. Nimekalia mfuniko wa tangi. Akasema tena. Nikahamia katikati ya mfuniko. Chakula nimekilia pale pale. Shemeji akapita na wenzake, akauliza, "Shemeji, unaatamia?" Wakacheka hadi wakashikana mabega. Mtu mmoja akauliza vifaranga vinatoka lini. Nimewasamehe, lakini nimewakumbuka mmoja mmoja.

Nimemaliza kutoa mafuta ya giaboksi kwa pampu ya mkono saa kumi na moja jioni. Nimerudishia yale ya zamani. Kiuno hakina habari na mimi.

Alhamisi, 7 Machi

Mtaalamu amekuja mwenyewe. Mama mfupi, miwani inaning'inia kwenye kamba. Haongei kwanza. Ameshika bisibisi ndefu, ncha kwenye pampu, mpini sikioni, akafumba macho kama daktari anayesikiliza kifua. Kisha akatukusanya akatueleza.

Amesema humo ndani hakuna changarawe hata punje. Ni mapovu. Pampu inavuta, mafuta hayafiki haraka. Kwa kuvutwa hivyo na kukosa, mafuta yanachemka ingawa ni baridi, yanatoa vipovu vidogo vidogo. Vipovu vikifika upande wenye presha vinapasuka, na kila kimoja kikipasuka ni nyundo. Maelfu ya nyundo. Zinatafuna chuma. Ametoa mfukoni kipande cha pampu ya mahali pengine. Kimelika kama biskuti iliyolala na panya. Akasema siku chache zaidi za mlio huu na ya kwetu itakuwa hivyo, na pampu mpya haipatikani karibu. Mtambo utasimama miezi.

Miezi! Bi Mkubwa wangu, akae kimya miezi mizima chini ya turubai.

Akaniuliza chujio la ndani limesafishwa lini. Nikamwambia kwa kujiamini: Jumatatu, kwa mikono yangu, halijawahi kuwa safi kama sasa. Akanisifu. Akaangalia juu ya tangi, kwenye kile kibomba kifupi chenye kofia ya matundu. Akasema pua ya tangi iko wazi, ashukuriwe Mungu, maana tangi lisipopumua ni njaa ile ile. Nimependa alivyomtaja Mungu. Mama mcha Mungu. Ameondoka akisema basi itakuwa ni ule mpira unaopitisha mafuta kwenda kwenye pampu, umenywea. Kesho analeta mwingine.

Lakini mimi nilibaki na neno moja. Mapovu. Mapovu nayajua, soksi zangu nafua mwenyewe. Mapovu hayaji bila sabuni! Mtu ametia sabuni kwenye mafuta ya Bi Mkubwa!

Nimefanya uchunguzi. Nimeonja mafuta. (Ulimi bado haujarudi.) Nimekusanya sabuni zote za chumba cha kunawia, miche mitatu na boksi la unga, nimezifungia kabatini kwangu zisitumike tena kwa uovu. Kisha nikamfuata shemeji, nikamshika mkono, nikaunusa. Sabuni! Ya kunukia! Akaniuliza mbona nimemshika mkono. Nikasema nakuombea. Akainamisha kichwa, akafumba macho, akangoja. Ikabidi niombe kweli. Akasema amina, tena kwa moyo. Uchunguzi umekuwa mgumu baada ya hapo.

Jioni kiwanda kizima kimekwenda nyumbani na mikono ya grisi. Meneja ameshika kitasa cha mlango wa gari lake kwa leso.

Mke wangu amewaambia wanakwaya wote kwamba mimi ndiye msimamizi. Amenunua hata kalamu ya kuniwekea mfukoni. Nimeikubali. Bwana, usiniaibishe.

Ijumaa, 8 Machi

Naandika kabla hata sijavua viatu.

Mwenye kiwanda amefika saa mbili asubuhi, saa ambayo mafuta ni baridi na Bi Mkubwa ni mkali kuliko saa zote. Mzee mrefu, viatu vyeupe. Viatu vyeupe kiwandani! Mtaalamu alikuwa ameshafika na mpira wake, lakini mzee akasema kwanza aone mashine ikifanya kazi jinsi ilivyo.

Nilikuwa na mpango. Kama Bi Mkubwa hawezi kusema mmmm, nitasema mimi. Nimesimama karibu na pampu, kifua mbele, kalamu mfukoni. Shemeji akawasha. Krrrrr! Nami: MMMMMM. Changarawe ikapanda, nikapanda nayo. Chuma kikashuka, kikashtuka, nikashikilia sauti. Mzee akamwinamia meneja akauliza mlio huo wa pili ni wa nini, na je, ni hatari. Robota likatoka. Limetoka, likapumua, likapasuka. Maboksi yamefika hadi magotini mwa mzee, na moja, la samaki, limelala juu ya kiatu chake cheupe.

Meneja akapaza sauti, "Fundi! Acha kuimba!"

Nimeacha. Na ndipo nikagundua kwamba kwa sababu ya kuimba nimeuacha mfuniko wa tangi bila mtu juu yake. Shemeji ameshazima mota. Mtaalamu ameshafungua. Amekunja mkono wa blauzi, akazamisha mkono hadi kwenye kiwiko, akakunja uso. Akapapasa. Akavuta. Ikatoka polepole, nyeusi, inachuruzika, ikakunjuka yenyewe mbele ya watu wote. Herufi zinasomeka hadi getini.

BESI.

Nimetamani sakafu ifunguke. Sakafu ya zege haina huruma.

Mwenye kiwanda akavaa miwani. Akauliza BESI ni kampuni gani.

Pale kiwandani besi ni mmoja. Wote wanajua. Shemeji mwenyewe anaimba sauti ya teno, yuko mstari wa nyuma yangu kila Jumapili, mgongo wa ile fulana anautazama yeye. Akanitazama mimi. Akaitazama fulana. Akasema: "Ni aina ya chujio la kuongezea, mzee. Chujio la BESI. Tulikuwa tunalijaribu. Halitufai."

Mtaalamu alikohoa kwa muda mrefu sana. Amevua miwani akaifuta mara mbili, mabega yanaruka. Mzee akasema kitu chenyewe kinaonekana cha ovyo, kina hadi mikono, wasinunue tena kwa watu hao. Meneja akatoa kijitabu akaandika: BESI, marufuku.

Wakawasha bila kubadilisha mpira wowote.

Mmmm.

Nakuapia, daftari langu, machozi yamenitoka. Sauti yangu ile ile, pale pale nilipoiacha. Mshale wa geji umesimama kama mshumaa. Robota limetoka pembe nne. Mtaalamu ameisikiliza pampu kwa bisibisi yake akasema imeumia kidogo lakini itaishi. Nimeupapasa mfuniko wa tangi mbele za watu na sikujali.

Cheo amepewa shemeji.

Nilikwenda nyuma ya maboksi. Akanifuata. Nikajua sasa atanicheka, nikakaza uso. Hakucheka. Akasema dada yake asijue, hiyo ibaki kwetu, na kwamba hakuna mwingine atakayemwendesha Bi Mkubwa maadamu yeye yupo. Ila ana ombi moja tu, tena ananiomba kama mdogo wangu: shemeji, usiiongezee hiyo mashine kitu chochote. Nikainua mkono nikaapa mbele za Mungu: fulana, kamwe!

Njia nzima nimejiuliza kwa nini amenifichia. Mtu hawezi kukuokoa hivi hivi. Nimepata jibu nilipofika mlangoni. Dhamiri! Ni ile sabuni inamsuta.

Jumapili, 10 Machi

Dada amejua, yaani mke wangu. Shemeji alimletea fulana kwenye mfuko akidai ni kitambaa tu cha mashine, hebu kifue. Mke wangu ameifua mara nne. Maji ya nne ndiyo yaliyosema BESI.

Nilitarajia kuchambwa. Amecheka hadi akaegemea ukuta, akapumzika, akanitazama, akaanza upya. Akasema wenzake wameolewa na wakulima na walimu, yeye ameolewa na chujio. Kisha akanifunga vifungo vya shati kwa mkono wake, akasema cheo kimebaki kwenye familia, twende, tutachelewa.

Nimeivaa hivyo hivyo, kijivu kama jivu. Mwalimu wa kwaya ameuliza imepatwa na nini. Mwimba teno wa nyuma yangu akajibu haraka kwamba ilikuwa safarini. Tumeimba vizuri mno. Nilipoishika sauti ya chini, nilimfikiria Bi Mkubwa, na shemeji akaimba juu yangu, laini. Nikawaza kwamba nimemdhania vibaya. Nimemwomba Mungu anipe moyo mpya, wa kuridhika, usio na hila, unaosikia ushauri. Nimeinuka kutoka magotini nikiwa mtu mwingine kabisa.

Jumatatu, 11 Machi

Bi Mkubwa mzima. Marobota kumi na mawili kabla ya chai. Shemeji yuko ofisini kwake. Nimemwona kupitia dirishani akizunguka na kiti, mara ya kulia, mara ya kushoto. Nikampungia. Akapunga. Hakuna kinyongo. Hata zile sabuni nimezirudisha chumba cha kunawia.

Nimepangusa tangi kwa upendo. Na hapo nimeona jambo ambalo hakuna aliyeliona, si meneja, si mtaalamu, si msimamizi kwenye kiti chake. Juu ya tangi kuna ile pua. Iko wazi! Vumbi la maboksi linashuka moja kwa moja juu ya matundu yake, siku nzima, miaka kumi na minne! Wametoa ulinzi wa ndani, wakaacha mlango wa juu.

Nimekumbuka kiapo changu. Nimekitafakari kwa hofu ya Mungu, neno kwa neno. Nilisema fulana. Sikusema soksi.

Ilikuwa mpya, ya sufi, nyuzi zake zimebanana kuliko fulana. Nimeikunja mara mbili. Nimeikaza kwa waya.

Mpaka saa nne mbavu za tangi zilikuwa zimeingia ndani kidogo, kama mashavu ya mtu anayenyonya soda kwa mrija. Sijawahi kumwona Bi Mkubwa akinywa kwa raha namna ile. Nikasimama kando yake, kalamu mfukoni, namtazama.

Kisha nikasikia krr. Moja tu, ndogo.

Nimekwenda moja kwa moja chumba cha kunawia kuhesabu sabuni.